Navigateri Iliyomeza Harusi

Goma, Keshero, tarehe 10 Juni 2025

Kwa Rachid, mutoto wa kaka yangu,

Assalamu alaykum. Natumaini Kampala inakulisha vizuri na kwamba umeacha ile tabia ya kunywa soda badala ya chakula. Huku tuko salama. Idi imepita, tulichinja mbuzi mwembamba ambaye hata paka wa jirani alimwangalia kwa huruma. Baba yako mudogo Ismael amerudi toka Kindu na mvi mpya na hadithi zile zile. Paa linavuja upande wa jikoni, na mimi nimeanza kuumwa magoti, kwa hiyo nyumba na mwenye nyumba tunaendana.

Sasa maneno yenyewe. Unajua sekretaria yangu, hii ofisi ya kuandikia watu, inasimama juu ya mashini moja ya kompyuta. Watu wanakuja kuandikisha watoto shule, kuomba viza, kutafuta ndugu waliopotea, na vyote vinapita ndani ya ile navigateri ya kufungulia Interneti, ile tunayoita Muzee. Asubuhi anaamka vizuri. Katikati ya kazi anafunga macho. Wiki iliyopita Mama Katungu alitoka Munigi kuandikisha kijana wake. Tulijaza jina la mutoto, la baba, la mama, na tulipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa Muzee akazima. Tulianza tena, akazima fasi ile ile. Mama Katungu aliniuliza kama huyu mutoto amekatazwa kuzaliwa. Na ng'ambo ya barabara Papa Édouard amefungua sekretaria yake na kuandika kwenye kibao: "Hapa Haikatiki." Najua nani anasemwa.

Kwa hiyo wewe fundi wa mashini za watu, nichagulie navigateri nyingine. Iwe na adabu na imalize sentensi.

Kuhusu binti yangu Jamila anayekaa huko kwenu, sina neno. Sikuuliza habari zake, usiniandikie. Ile siku ya harusi, mwezi wa nne, mimi sikuweza kusafiri, wakaniahidi nitaona kila kitu ndani ya mashini. Nilivaa kitenge kipya, nikaketi mbele ya Muzee, majirani wamejaa nyuma yangu. Sheikh akamuuliza yule kijana Jumaine kama amekubali kuoa, kijana akafungua mudomo, na giza likaingia. Picha iliporudi watu walikuwa wanakula pilau. Mutu akikukata kwenye neno kama lile, amekusudia. Walikuwa wanaogopa ulimi wangu, kwa sababu nilisema mbele ya watu kwamba Jumaine anakula kwa haraka. Bon, tuache.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu barua mbili za mashini Muzee alizimeza, na sauti za simu sizipendi, mutu anakusikiliza huku anapiga mswaki. Munyakazi, dereva wa bus, atakufikishia.

Ni mimi shangazi yako Sumaya, ambaye hajawahi kukata mutu.


Kampala, 29 Juni 2025

Shangazi yangu mupendwa,

Waalaykum salaam. Barua yako imefika ikinukia ndizi, nadhani Munyakazi aliiweka chini ya mzigo wa mutu. Mimi muzima, kazi iko, soda nimepunguza. Msalimie baba mudogo Ismael, mwambie hadithi ya mamba naikumbuka, asinitumie tena.

Nimecheka sana na huyo mutoto wa Mama Katungu. Ugonjwa wa Muzee naujua. Amezeeka, na wenye kumtengeneza hawamtengenezi tena. Kila ukurasa unaofungua anaubeba kichwani, na kichwa chake ni kidogo. Nimeweka navigateri tatu ndani ya kifaa kidogo ambacho Munyakazi atakupa pamoja na barua hii. Moja ina picha ya tai, moja ina jani, moja ina kobe. Zijaribu zote, uchague moja, halafu umtoe Muzee kabisa. Usimwache akae pembeni kama mufalme aliyepinduliwa.

Umesema nisiandike habari za Jamila, na mimi nakuheshimu. Kwa hiyo nitaandika habari za Muzee tu. Muzee ndiye aliyezima ile siku ya harusi, Shangazi. Fasi ile ile anapozimia kila siku, mzigo unapozidi. Huku Kampala tuliona kitu kingine: tuliona sura yako, tukasikia Sheikh anauliza, halafu kiti chako kikapotea. Watu wakaangaliana. Kila mutu alikuwa anajua ulivyomsema Jumaine. Wakasema, mama ameinuka ameondoka. Jamila alikula pilau ile na machozi, mimi nilikuwa karibu naye nikaona. Mpaka leo anaamini ulimkata wewe. Na wewe unaamini alikukata yeye. Katikati yenu amekaa Muzee, anasinzia.

Chukua simu umwambie. Neno moja tu.

Mutoto wako Rachid, anayekula sasa hivi, polepole.


Goma, 18 Julai 2025

Rachid,

Salaam nyingi. Mvua imekataa, vumbi limekubali. Baba yako mudogo ameanza kufundisha watoto wa jirani Kurani na hadithi ya mamba, na sina hakika wanajua kutenganisha.

Kuhusu simu, mutoto ndiye anayempigia mama. Nilizaliwa nikaikuta dunia hivyo, sitaigeuza na haya magoti. Tuendelee na kazi.

Hizo navigateri zako nilizipokea kama wachumba. Wewe mwanaume labda hujui, lakini kwetu kijana akija kuomba mutoto, mashangazi wanamwekea samaki mwenye miiba na kunyamaza. Hakuna swali. Anayemaliza haraka atakuwa mutu wa haraka hata ndani ya nyumba. Anayeogopa miiba ataogopa na maisha. Anayekata kichwa cha samaki na kukiweka mbele ya mashangazi, huyo tunaanza kuzungumza naye. Jumaine wako alikula kichwa mwenyewe, akauliza kama kuna kingine.

Sasa samaki wangu ilikuwa ile karatasi ya shule ya Mama Katungu. Tai alikuja kwa kasi, kila kitu kinafunguka kabla hujagusa, lakini anakula mega za Interneti kama askari aliyerudi vitani. Kabla ya adhuhuri mega za wiki zilikuwa zimekwisha. Jani ni msafi, ana heshima nyingi mno. Kila hatua anauliza kama unamruhusu. Nilimruhusu mpaka nikachoka, na Mama Katungu akamwita bwana harusi mwoga. Kobe alifunguka taratibu, nikasema huyu naye. Tulipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa, umeme ukaenda. Nikafunga macho mimi mwenyewe kwa niaba ya Muzee. Umeme uliporudi, Kobe alikuwa ameshika ukurasa wote, jina, baba, mama, vyote fasi yake, ananingojea. Mutoto wa Mama Katungu hatimaye amezaliwa. Wateja wote sasa wanapita kwa Kobe.

Lakini Muzee simtoi. Atakaa pale chini pembeni ya kioo. Usiniulize.

Na kama unamjua mutu yeyote huko, sijataja jina, anayepika sombe ya muhogo bila mafuta ya mawese, mwambie hiyo si sombe, hayo ni majani. Pia mwambie kipande cha tangawizi mudomoni kabla ya kuamka kitandani, kinatuliza tumbo asubuhi.

Shangazi yako, mwenye Kobe mmoja na Muzee mmoja.


Kampala, 10 Agosti 2025

Shangazi,

Salaam toka kwetu wote. Nimepata chumba kikubwa zaidi, kina dirisha linaloangalia ukuta. Nimefurahi kwamba Kobe amekula samaki vizuri. Watu huku wanalipa washauri ili kuchagua navigateri, na hakuna hata mmoja anayejua kipimo cha kichwa cha samaki.

Sasa nieleze kitu. Nilisoma mstari wako wa tangawizi mara mbili, nikaenda kwa Jamila. Nilimkuta amekaa na beseni. Ni kweli ana mimba. Lakini Shangazi, hiyo habari walikuwa wanaijua watu wawili duniani, yeye na Jumaine. Mimi ndugu yake ninayekula kwake kila Jumapili sikujua. Na ile sombe bila mawese aliipika Alhamisi, na wewe uliandika Ijumaa. Nani anakuambia? Nimemshuku Munyakazi, nimeshuku hata baba mudogo Ismael na mamba wake.

Jamila hakuniuliza ulijuaje. Alitabasamu tu, akaweka tangawizi mudomoni. Hilo pia nimelishangaa.

Nilimuuliza nani atakuwa naye wakati wa kuzaa. Alijibu kwamba kwa desturi ya kwetu mutoto wa kwanza anapokelewa na mama ya mama, lakini yeye hawezi kumwita mutu ambaye hakutaka kuona hata harusi yake. Akageuka upande wa ukuta. Shangazi, huyu mutoto atakuja mwanzo wa mwezi wa pili. Nakuomba usiache mambo yafike pale yakiwa hivi.

Rachid, anayejua kidogo kuliko wewe ingawa anaishi hapa.


Goma, 12 Septemba 2025

Rachid,

Barua yako ilichelewa. Bus iliharibika Kalengera, Munyakazi alilala pale mpaka fundi alipopatikana, na alirudi amenona. Sisi wazima. Papa Édouard amekuja kuuliza siri yangu, kwa sababu wateja wake wameanza kuvuka barabara kuja kwangu. Nikamwambia siri ni kobe. Amekasirika, anafikiri nimemtukana.

Umeuliza nani ananiambia. Mama anajua. Moyo wa mama una masikio. Usichimbe zaidi ya hapo.

Yule mutu ambaye hajatajwa asilale chali. Alale ubavu wa kushoto. Na viatu asinunue vile vyekundu, miguu itavimba. Anunue vipana.

Sitaenda kwenye uzazi ambao sikuitwa. Mutu haingii chumba cha mzazi kama mukaguzi wa kodi.

Shangazi yako, ambaye moyo wake una masikio.


Kampala, 5 Oktoba 2025

Shangazi mpelelezi,

Salaam. Niko muzima, nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Viatu vyekundu ndivyo vilivyokusaliti. Jamila hakuvinunua wala kuvisema. Aliviangalia tu kwenye simu, akiwa peke yake. Nikakaa, nikafikiri kama fundi badala ya kufikiri kama mpwa, na nikaelewa kwa nini Muzee hatoki pembeni ya kioo.

Jamila alipokuwa anakusaidia kwenye sekretaria, alimfungua Muzee kwa jina lake na neno lake la siri. Alipohamia Kampala hakulifunga. Simu yake huku inamtumia Muzee huyo huyo, kwa jina lile lile. Kila anachotafuta Kampala kinajiandika Goma. Moyo wa mama hauna masikio, Shangazi. Una skrini.

Nilienda kumwambia, kwa sababu ni haki yake, nikamwomba simu nifunge ule mlango. Alinishika mukono. Akasema, "Wacha. Najua tangu mwezi wa tano." Basi sikiliza vizuri, na kama umesimama, keti. Mlango huo unafunguka pande mbili. Kila ulichotafuta wewe kwa Muzee, kimejiandika kwenye simu ya Jamila.

Alinionyesha. "Jumaine dereva wa kamyo Kampala tabia." "Mwanaume anayekula haraka ana ugonjwa gani." "Dawa ya kufunga mudomo wa jirani", hiyo nadhani ulikuwa umemkasirikia Papa Édouard. Halafu sombe. Aliandika makusudi kwamba anatafuta sombe bila mawese, kwa sababu alijua hutavumilia, na siku ile ile ikatokea toka Goma: "sombe bila mawese nani alifundisha." Tangu hapo mmekuwa mnazungumza, nyinyi wawili, na kila mmoja anasema hazungumzi na mwenzake.

Hatukucheka kwa zote. Moja ilisema: "mutoto wa kwanza kuzaliwa bila bibi karibu." Uliitafuta tena wiki iliyofuata.

Ndipo nikamwomba tushuke chini mpaka mwezi wa nne, siku ya harusi. Hakuwahi kuiangalia, alikuwa ameiruka kwa hasira. Pale pale, saa ya Sheikh, kumeandikwa kwamba ukurasa wa harusi ulifunguliwa toka Goma. Halafu ukafunguliwa tena. Na tena, na tena, mpaka saa ya pilau na baada ya pilau. Mutu aliyeinuka na kuondoka hafungui mlango mara zote hizo. Jamila aliweka simu chini na kulia kwa sauti, Jumaine akatoka bafuni na sabuni kichwani kuuliza nani amekufa.

Nikamwambia hakuna aliyekufa isipokuwa Muzee, na yeye anakufa kila siku.

Rachid, anayejua sasa.


Goma, 20 Novemba 2025

Rachid,

Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na sura ya kuandikia.

Kwa hiyo miezi yote hii nimekuwa natembea sokoni bila kitenge, na nyinyi mnaniangalia, hakuna hata mmoja wa kuniambia. Nilitafuta mambo mengine ambayo hukuyataja. Nashukuru kwa adabu yako. Kama ile dawa ya kupaka magoti uliiona, ujue niliinunua na haifanyi kazi.

Nimekasirika siku nyingi, halafu hasira ikaisha yenyewe, na chini yake nikakuta kitu kingine. Nitakiandika hapa kwa sababu karatasi haijiandiki Kampala. Ile siku nilifungua na kufungua. Majirani walichoka, wakaenda mmoja mmoja, wakaniacha na kitenge changu kipya. Nilikuwa nasema ndani ya mashini, "Niko hapa, niko hapa," kama mutu anayegonga kwenye nyumba yake mwenyewe. Nililia, Rachid. Halafu nikaona haya ya kulia, nikachagua kukasirika, maana hasira mutu anaweza kutembea nayo njiani.

Na baada ya siku chache nikaona kwenye Muzee mutu anatafuta duka la makala, yale makaa ya kupikia, Kampala. Nikajua ni yeye, hajui kupika kwa umeme. Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya wateja, nilikunywa chai na kuangalia binti yangu anatafuta nini. Ndiyo sababu sikumtoa. Ungenipa navigateri ya dhahabu, nisingemtoa.

Nampenda mutoto wangu. Sasa umelipata kwa mwandiko.

Lakini sijaitwa. Na huyo Jumaine, mpaka leo mimi sijasikia jibu lake. Sheikh alimuuliza, yeye akafungua mudomo, basi. Kwangu mimi bado ni kijana aliyeulizwa swali.

Sumaya.


Kampala, 14 Desemba 2025

Shangazi,

Salaam. Nitakuwa mufupi kwa sababu Munyakazi ananipigia honi.

Nilimsomea Jamila barua yako. Najua hukuniruhusu. Aliniomba nisome tena sehemu ya "niko hapa". Nikamwambia basi mpigie simu mama yako, akasema anaogopa. Akisikia sauti yako akiwa na tumbo hili atalia, na wewe ukisikia analia utamgombeza, mtaanza upya. Nikamwambia mwandikie. Akasema tayari.

Ameniagiza neno moja: ufungue Muzee.

Rachid.


Goma, 5 Januari 2026

Rachid,

Mwaka mpya mwema. Baba yako mudogo anakusalimia.

Nilimfungua, baada ya siku nyingi za kuona haya. Alikawia kama mzee anayetafuta miwani. Halafu ukurasa ukatoka, na juu kabisa ya bei za nepi na ugomvi wa mawese, kumeandikwa: "mama yangu anakuja lini."

Nilikuwa na mteja, baba mmoja anayeomba viza. Nilimwomba aende anywe chai kwa Papa Édouard, ujue basi jinsi nilivyochanganyikiwa. Nikaandika kwa kidole kimoja: "bus ya Jumatatu, mwisho wa mwezi huu, mama abebe mawese kiasi gani." Nikabonyeza. Na Muzee, mutoto wa watu, akafunga macho.

Nimemfungua tena, hafunguki. Nimempiga kofi ubavuni. Sijui kama jibu limefika au amelimeza kama alivyomeza harusi. Kama limefika, uje uchukue sekretaria, siwezi kumwachia Ismael, atajaza viza za watu kwa hadithi ya mamba. Kama halikufika, mwambie wewe kwa mudomo wako. Sitasubiri kuulizwa mara ya pili.

Shangazi yako, anayefunga mizigo.


Kampala, 16 Januari 2026

Shangazi,

Limefika. Jamila amejibu "madumu mawili," akakaa anaangalia simu kama kuku anayeatamia, akisubiri usome. Nimemwambia Muzee amelala. Akasema basi atasubiri mwenyewe mwenye mawese.

Nakuja. Tutapishana njiani, mimi nikishuka na wewe ukipanda. Nikiona bus yako nitapunga mukono, usijifanye hunioni.

Rachid, muhudumu wako mupya.


Kampala, 15 Februari 2026

Kwa Rachid, sekretaria, Keshero,

Assalamu alaykum. Natumaini unafagia mbele ya mlango, na kwamba Papa Édouard hajakupa soda. Ramadhani inakaribia, angalia gunia la sukari liko chini ya meza, Ismael asilijue.

Mutoto wa kike amezaliwa salama. Nilimpokea kwa mikono hii. Ana sauti ya kuuza samaki, na hakukatika hata mara moja. Jamila ni muzima. Siku nilipofika alinifungulia mlango na tumbo likatangulia, nikaweka madumu ya mawese chini. Halafu akasema, "Mama, magoti yako vipi, ile dawa ilisaidia?" Nikamwambia afunge mudomo. Tukacheka huku tunalia, jirani akachungulia.

Jana tulifanya akika. Watu walijaa, mbuzi alikuwa mnene, si kama yule wa Idi. Wakati wa kula, Jumaine alileta samaki mwenyewe, tilapia nzima, akaketi mbele yangu bila kuitwa. Nikanyamaza. Jamila akawa ananichungulia juu ya kichwa cha mutoto. Yule kijana akala polepole, mwiba mmoja mmoja, jasho linamtoka. Halafu akakata kichwa, akakiweka kwenye sahani yangu kwa mikono miwili.

Nikamwambia, "Mwaka jana Sheikh alikuuliza kitu."

Akafuta vidole. Akasema, "Nimekubali, mama."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mutu anayejibu jina lake darasani. Hakuna kilichozima. Watu waliendelea kula, watoto waliendelea kupiga kelele, na mimi nililisikia neno lote mpaka mwisho wake. Nikala kile kichwa, kilikuwa kimezidi chumvi.

Sasa unaweza kumtoa Muzee.